Kamba ya Ng'ombe wa Benki

Jina la nchi yetu siruhusiwi kulitaja. Si siri, ila limewekwa rehani. Mwaka bajeti ilipopwaya, wakubwa walitazama huku na huku wakitafuta kitu ambacho bado hakijawekwa dhamana. Wakakuta bandari imekwenda, mnara wa saa umekwenda, sanamu ya askari imekwenda na bunduki yake. Kilichobaki ni jina, wakalipeleka nalo. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, na ninyi mtaelewa, maana mnaonekana watu wa kuelewa.

Mimi naitwa Hemedi Kilua. Naomba mlishike jina hilo, kwa sababu kwa miaka mitatu serikali ilinitambua kwa wadhifa mwingine, na hilo ndilo nililokaa kuwasimulia. Sina kinyongo na mtu. Wanaosema nina kinyongo hawajaniona nikiwa nacho.

Nchi yetu ina Waislamu wengi, na kwa miaka mingi walipita mbele ya benki wakitazama upande wa pili wa barabara, kwa kuogopa riba. Fedha zao waliziweka chini ya magodoro. Serikali ikaunda Kamati ya Magodoro, ikazunguka nchi nzima ikiinua na kuchungulia, na baada ya miezi tisa ikaleta ripoti: watu hawa hawaikatai benki, wanaikataa riba. Waziri wa Fedha alifurahi sana. Alisema kama tatizo ni riba tu, basi ni dogo, tutaiondoa na kuiacha palepale.

Ikaamriwa kila benki ifungue dirisha la halali. Nasikia katika nchi nyingine dirisha ni namna ya kusema tu. Kwetu walikuja mafundi na nyundo. Kwenye benki yetu wakatoboa ukuta wa ukumbi, upande wa uani, wakaweka fremu, wakaipaka rangi ya kijani, na Waziri akaja kukata utepe. Akachaguliwa pia mkurugenzi wa dirisha, Dakta Nasibu Lugome, aliyekuwa mkuu wa idara ya riba kwa miaka kumi na minane. Hakuna mtu nchini aliyeijua riba kumzidi, kwa hiyo ndiye aliyefaa kuiepuka.

*

Dirisha lilihitaji ng'ombe. Msishangae, nitawaeleza.

Mtu anataka milioni moja. Benki haimkopeshi milioni ili arudishe milioni na laki tatu, kwa sababu hiyo ni riba, Mungu atuepushe. Benki inamuuzia ng'ombe kwa milioni na laki tatu, atalipa kidogokidogo mwaka mzima. Kabla hajageuka, yeye anamuuza ng'ombe yuleyule kwa benki ileile kwa milioni moja taslimu. Anaondoka na milioni yake, na deni lake, na moyo mweupe. Wabishi walikuwa wakiuliza tofauti iko wapi. Dakta Nasibu aliwajibu kwa upole, akinyoosha kidole dirishani: "Tofauti ni yule pale, anakula majani."

Yule pale aliitwa Bidhaa. Daftarini aliandikwa Bidhaa Namba Moja, na namba mbili haikuwepo. Alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mpole kupita makarani wote, na mimi ndiye niliyeajiriwa kumlisha na kumfagilia.

Wa kuhakikisha kwamba mambo ni halali alikuwa Sheikh Ghalib. Nchi nzima ilikuwa na mwanachuoni mmoja tu aliyesomea dini pamoja na hesabu za biashara, na mabenki yalikuwa kumi na tisa, kwa hiyo akawa mjumbe wa bodi zote kumi na tisa. Kwetu alifika mara moja, siku ya kwanza. Alimwona Bidhaa, akampapasa shingo, akasema masharti: benki immiliki kweli, na mteja akabidhiwe kweli.

"Akabidhiwe kwa muda gani, Sheikh?" Dakta Nasibu aliuliza, kalamu mkononi.

"Hata kama ni kwa kuhesabu hadi saba," Sheikh alisema, "ilimradi awe wake, akitaka aende naye."

Dakta aliandika mpaka kwenye saba, wino ukaisha.

Basi ukawa ndio utaratibu. Kwa kuwa ng'ombe hawezi kukanyaga zulia alilolileta Waziri, kamba yake ilipitishwa dirishani hadi ukumbini. Mteja anashika ncha, karani anahesabu hadi saba, mteja anasema "nimepokea", kisha anasema "nimeuza", anaachia, anayefuata. Kwa siku nzuri Bidhaa aliuzwa mara themanini kabla ya adhuhuri. Na kwa sababu kila mteja alikuwa na mauzo mawili, Mamlaka ya Mapato ikatoza ushuru mara mbili. Yule ng'ombe alilipa kodi nyingi kuliko kiwanda cha saruji, na asante hakuwahi kupewa.

*

Mwaka wa tano benki ilitimiza mikataba elfu hamsini, Waziri akaja kusherehekea. Mpishi alikuwa hajalipwa, nyama haikuja, na Waziri amekwisha kunawa mikono. Sitasema nani aliyetazama uani kwanza. Nasema tu kwamba Bidhaa alichinjwa kihalali, akielekezwa kibla, na mimi mwenyewe nilimshika miguu nikilia. Waziri alihutubia huku anachokoa meno. Alisema fedha za halali sasa zimeingia katika damu ya taifa.

Asubuhi yake foleni ilikuwa ya watu arobaini na wawili na kamba haina ng'ombe. Kununua ng'ombe mwingine kulitaka zabuni ya siku tisini. Tena kulikuwa na kifungu cha arobaini cha Sheria ya Mabenki, kinachokataza benki kumiliki mnyama wa aina yoyote. Bidhaa alikuwa ameingia kabla mtu hajakisoma.

Lakini utumishi wa umma katika nchi yetu haujawahi kushindwa na nafasi iliyo wazi. Mkubwa akisafiri, akiugua au akiliwa, aliye chini yake anakaimu. Chini ya Bidhaa nilikuwepo mimi.

Barua yangu ya uteuzi ninayo mpaka leo. Inasema: "Kwa mamlaka niliyopewa, nina furaha kukuteua kukaimu nafasi ya Ng'ombe, Bidhaa Namba Moja, hadi hapo mwenye sifa atakapopatikana. Majukumu yako yatakuwa kuvuta kamba kwa kiasi pindi inaposhikwa, kuvaa kengele saa zote za kazi, na kutosema neno lolote. Kulia si lazima, ila inapobidi. Utalipwa posho ya kukaimu na posho ya majani." Chini yake muhuri, na sahihi ya Dakta Nasibu yenye mikia mitatu.

Dirisha likawekewa pazia zito. Wateja waliambiwa ni kwa ajili ya stara ya ng'ombe.

Nilikubali, sijisafishi. Nilikuwa na watoto wanne na kodi ya nyumba, na posho ya majani peke yake ilizidi mshahara wangu wa zamani. Mke wangu aliponiuliza nimepanda cheo gani, nilimwambia nimehamishiwa idara ya bidhaa. Akanipikia biriani. Niliila nimeinamisha kichwa, na nilikuwa naona aibu. Kila siku kwa miaka mitatu nilikaa kwenye kigoda uani, kamba kiunoni, kengele shingoni. Kamba ikikazwa nami navuta mara mbili, taratibu, na nasikia nyuma ya pazia mtu anasema nimepokea, nimeuza. Watu wenyewe walikuwa na haraka, hata hawakuishika vizuri.

*

Sasa ndipo alipokuja Bi. Mwanasha.

Bi. Mwanasha alikuwa mjane mwenye kibanda cha maziwa ya mgando pale sokoni, miaka thelathini. Ng'ombe wake alikuwa amekufa, akawa ananunua maziwa kwa wachuuzi. Manispaa ikamwandikia kwamba muuza maziwa asiye na ng'ombe wake ni dalali, na dalali hana ruhusa ya kibanda. Akapewa mpaka Jumamosi saa nne asubuhi. Asipoonyesha ng'ombe, mgambo watabomoa. Huo ulikuwa mchezo wa kawaida, kwani sehemu ile ilikuwa imetamaniwa na mtu wa maegesho ya magari.

Alikuwa ameliona tangazo letu, lile kubwa lililobandikwa barabarani. Lilisema: "Sisi hatukukopeshi fedha. Tunakununulia unachohitaji, tunakuuzia kwa faida tunayokutajia." Watu wote wa mjini walijua namna ya kulisoma tangazo lile. Bi. Mwanasha alilisoma kama lilivyoandikwa. Akauza bangili zake, akalipa laki mbili za kutangulizia, akaambiwa arudi baada ya wiki, na Alhamisi saa tatu akawa mbele ya dirisha.

Nilihisi kamba ikishikwa. Nikashtuka kidogo, maana ilishikwa kwa mikono miwili.

Karani akahesabu hadi saba. "Sema nimepokea, mama."

"Nimepokea," alisema. "Alhamdulillahi."

"Sasa sema nimeuza."

"Nimeuza nini?"

"Ng'ombe."

"Nimuuze wa nini, mwanangu, na ndiyo kwanza nimemnunua?"

Katika mikataba elfu themanini na kitu hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Karani akafikiri hakusikika, akarudia kwa sauti ya juu. Bi. Mwanasha akamwambia masikio yake ni mazima, kinachomsumbua ni miguu, kwa hiyo wamfungulie mlango wa uani aondoke na ng'ombe wake kabla jua halijawa kali.

"Mama, watu wote huuza," karani alisema.

"Wauze. Wao pengine walikuja kutafuta pesa. Mimi nina kibanda kinabomolewa keshokutwa, nimekuja kutafuta ng'ombe."

Nami huku nyuma nikavuta mara mbili, taratibu, kama barua yangu inavyosema. Akavuta naye. Kigoda kikanitoka chini.

*

Dakta Nasibu alishuka kutoka ofisini na hotuba. Alikuwa na hotuba ya kila jambo.

"Mama yangu mpendwa," alianza, "benki hii imepata tuzo tatu za kimataifa. Mfumo wetu unakabiliwa na changamoto nyingi: uchache wa wataalamu, sheria zisizotuelewa, na uelewa mdogo wa jamii. Leo hii, kwa masikitiko, naiona changamoto ya tatu imesimama mbele yangu imeshika kamba."

"Haya, nimesikia, baba," Bi. Mwanasha alisema. "Ng'ombe wangu atatokea mlango gani?"

"Chukua milioni yako taslimu, nenda mnadani, nunua ng'ombe umtakaye."

"Na jumla nitakayowalipa itabaki milioni na laki tatu."

"Naam. Hiyo ndiyo faida yetu ya halali."

"Faida ya kazi gani? Kwenda mnadani nitakwenda mimi, kuchagua nitachagua mimi, akifa njiani amenifia mimi. Ninyi mmefanya nini zaidi ya kunipa pesa ili niwarudishie pesa nyingi zaidi? Ningekuwa nataka hiyo, si lipo dirisha lile jingine, hatua tatu hapo, na foleni yake fupi."

"Mama, yale ni maneno ya tangazo."

"Na mimi bangili zangu zimelipia maneno ya tangazo."

Akakaa chini. Akakunja miguu juu ya zulia la Waziri, akajizungushia kamba kiganjani mara tatu. Watu wa foleni walianza kumlalamikia, mama achia, mama tuna shida zetu. Alikuwapo fundi cherehani mmoja mrefu aliyepaza sauti kuliko wote. Bi. Mwanasha alimtazama, akamwuliza amekuja mara ya ngapi.

"Mara ya nne," alisema fundi.

"Kwa hiyo umeshanunua ng'ombe mara tatu."

"Ndiyo."

"Rangi gani?"

Fundi akamgeukia jirani yake kwenye foleni, naye hakujua. Swali likatembea kutoka mtu hadi mtu mpaka likatoka nje ya mlango, na hakuna aliyekuwa na jibu. Baada ya hapo hakuna aliyemwambia achie tena.

Wakubwa walijaribu njia zao. Walimletea fomu ya malalamiko, ambayo ni lazima isainiwe kwa mkono wa kulia, na wa kulia ndio ulioshika kamba. Akasaini kwa kushoto. Fomu ikarudishwa kwa kukosa adabu. Jioni ofisi zilifungwa, naye akabaki palepale, binti yake kamletea shuka. Nami ikabidi nibaki uani, kwa sababu kwa mujibu wa kanuni ng'ombe hatoki kazini kamba yake ikiwa imeshikwa. Nilimtumia mke wangu ujumbe kwamba idara ya bidhaa ina ukaguzi.

Asubuhi ya Ijumaa mkono ulipenya chini ya pazia. Ukaweka fungu la majani mabichi, na kando yake vitumbua viwili kwenye karatasi. Sikuwa nimekula tangu jana mchana. Nikala vitumbua.

Baada ya muda mkono ukarudi, ukapapasa. Nikamsikia Bi. Mwanasha akiguna, kisha akasema peke yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alaa. Kumbe."

*

Sheikh Ghalib alifika baada ya swala ya Ijumaa. Fundi cherehani ndiye aliyemfuata msikitini. Mzee yule alikuwa na barua za bodi kumi na tisa kwenye mkoba wake, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu awe mjumbe.

"Ng'ombe yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko katika mapumziko yake ya mchana, Sheikh," Dakta Nasibu alijibu. "Muhuri wako tunao hapa, si lazima usumbuke."

"Muhuri wangu mnao ninyi?"

"Nakala tu, Sheikh. Kukupunguzia safari."

Sheikh alishika kamba pale ilipotoka mkononi mwa Bi. Mwanasha, akaifuata mpaka dirishani, akalivuta pazia.

Tukatazamana. Mimi nimesimama, kengele shingoni, kamba kiunoni, punje ya kitumbua kwenye sharubu. Nyuma yake vichwa vya foleni nzima. Nilitamani ardhi inimeze, nasema kweli. Kumbe afadhali ningekuwa ng'ombe, ng'ombe hana uso wa kuficha.

Dakta Nasibu hakutetereka hata kidogo, na kwa hilo nampa heshima yake. Alitoa jalada, akasoma barua yangu yote kwa sauti ya bungeni, kuanzia mamlaka niliyopewa hadi posho ya majani. Alipomaliza alisema, "Kwa hiyo, Sheikh, kiutumishi, huyu ni ng'ombe."

"Na mmekuwa mkimuuza?"

"Kwa utaratibu ule ule ulioupitisha."

"Dakta," Sheikh alisema, "mimi nilikuja hapa siku moja nikaona ng'ombe. Nikarudi nyumbani nikasema angalau hapo pako sawa. Kila siku nimekuwa nikisema hivyo. Miaka minane." Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha akanigeukia mimi. "Ndugu yangu. Wewe ni nani?"

Nyuma yake Dakta Nasibu aliinua karatasi ili niione mimi tu. Niliitambua mara moja, kila mtumishi anaiota karatasi ile. Ilikuwa barua ya kuthibitishwa. Kaimu kwa miaka mitatu, halafu uthibitishwe: mshahara kamili, nyumba, kiinua mgongo. Ningestaafu nikiwa Ng'ombe Mkuu. Kilichotakiwa ni nisiseme neno, na kutosema neno ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya vizuri.

Nikamtazama Bi. Mwanasha. Alikuwa hajasimama. Macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, kiganja kimechubuka, na kamba bado ameishika. Huyu mama aliuza bangili akaamini maandishi yetu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimvutia kamba ili azidi kuamini. Hasira ikanipanda, na sehemu yake kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Mimi ni Hemedi bin Kilua," nilisema. Sauti ilitoka na kutu, nikairudia. "Hemedi bin Kilua, mtu huru, baba wa watoto wanne. Ng'ombe mlimla. Nilimshika miguu. Mimi si ng'ombe, na leo nimeacha kukaimu."

Nikavua kengele.

"Nilishuku tangu jana, asubuhi nikajua," Bi. Mwanasha alisema. "Nimefuga miaka thelathini. Ng'ombe havuti mara mbilimbili kama anayebisha hodi. Na majani hujayagusa." Akaniuliza kama vitumbua vilikuwa na sukari ya kutosha. Nikamwambia vilitosha, mama.

*

Dakta Nasibu alikuwa wa kwanza kuiona faida. "Basi, kama hakuna ng'ombe, hakuna mauzo," alisema. "Mkataba umevunjika. Mama arudishiwe laki mbili zake, achie kamba, aende kwa amani."

"Siachii," Bi. Mwanasha alisema. "Mnavunja mkataba Ijumaa ili kibanda kivunjwe Jumamosi. Nilikuja kwenu wiki nzima kabla. Mngeniambia siku ile kwamba hamna ng'ombe, ningekwenda kwingine. Mmekula siku zangu. Nendeni mkanunue."

"Huwezi kuuza usichokuwa nacho," Sheikh aliongeza. "Nunueni kwanza, awe wenu, hasara yake iwe yenu, ndipo mmuuzie huyu mama kwa faida mliyomtajia. Mkifanya hivyo faida yenu ni halali yenu, wala hakuna atakayewauliza. Hiyo ndiyo biashara yenyewe, Dakta. Si ngumu. Inachosha tu."

"Sheikh, sheria. Kifungu cha arobaini hakiruhusu benki kumiliki mnyama."

"Na kifungu gani kilikuruhusu kummiliki Hemedi?"

Hapo ukumbi ulicheka, hata karani. Fundi cherehani akatoka kwenye foleni, akaja akaishika kamba nyuma ya Bi. Mwanasha. Akafuata mwalimu mmoja, akafuata muuza mabati, kisha sikuweza kuhesabu. Mimi nilikuwa bado nimeifunga kiunoni upande wa pili, nikaifungua, nikaishika kwa mikono yangu kama watu wengine. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu, wameshika. Kila karani aliposema "anayefuata", hakuna aliyefuata.

Saa kumi jioni Waziri alipiga simu. Dirisha lilikuwa halijaingiza hata senti siku mbili, na Mamlaka ya Mapato ilikuwa imeanza kuulizia ushuru wake. Sauti yake ilisikika mpaka uani. Alisema nunueni huyo ng'ombe, lakini asiitwe ng'ombe vitabuni.

Mnada wa mwisho wa Ijumaa ulikuwa bado haujafungwa. Dakta Nasibu alikwenda mwenyewe, na suti yake, na Sheikh Ghalib akiwa kando yake. Naambiwa alishangaa kuona ng'ombe wanatofautiana bei. Alishangaa zaidi kujua kwamba mpaka amfikishe mjini, ng'ombe akivunjika mguu ni hasara ya benki. Alitembea naye njia nzima akimwangalia alipokanyaga. Kwenye vitabu wakamwingiza kama samani, kiti cha ngozi halisi, miguu minne, rangi ya kahawia.

Jumamosi saa nne kasoro robo, mgambo walifika sokoni na nyundo zao. Bi. Mwanasha alikuwa ameketi mbele ya kibanda anakamua. Aliwakaribisha, akawauliza watakunywa ya moto au ya mgando. Mkubwa wao alizunguka ng'ombe mara mbili, akatafuta kosa, akaomba cheti. Akaonyeshwa mkataba wa benki wenye muhuri, na safari hii muhuri ulikuwa wa Sheikh mwenyewe. Wakanywa ya moto, wakalipa, wakaondoka.

*

Jumatatu foleni ya dirisha la kijani ilikuwa ndefu kuliko siku zote, na watu waligoma kusema "nimeuza". Fundi cherehani alisema hataki milioni, anataka cherehani, ile ya kudarizi, na iletwe aione. Muuza mabati alitaka mabati. Makarani ambao maisha yao yote walikuwa hawajui bei ya msumari walionekana madukani wakigonga mabati kwa vidole. Sheikh Ghalib amejiuzulu bodi kumi na nane akabaki na yetu. Anakuja kila Jumanne, anachungulia kila kitu, na Dakta Nasibu amekonda. Waziri naye ametangaza redioni kwamba yote haya yalikuwa kwenye mpango wake tangu mwanzo.

Mimi nafanya kazi na Bi. Mwanasha. Ng'ombe wake, mikono yangu, kinachopatikana tunagawana kwa fungu tulilokubaliana, na mwezi ukiwa mbaya unakuwa mbaya kwetu sote. Mke wangu nilimweleza ukweli wote. Hakusema nami siku mbili, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Wiki iliyopita nimepata barua kutoka benki. Inasema niliacha wadhifa wa Ng'ombe bila notisi ya siku tisini, na hivyo natakiwa kurejesha mali ya ofisi, yaani kengele moja, kamba moja ya mita kumi na mbili, na posho ya majani ya miezi thelathini na sita.

Nimewajibu kwa maandishi, nikaweka jina langu kamili juu na chini. Nimewaambia kengele hii hapa, nimeifunga kwenye gazeti. Posho ya majani sirudishi, kwa sababu kati yetu sisi mimi ndiye niliyekaa uani. Kamba mwulizeni mwenyewe, mwende sokoni mkaidai kwake. Ameishika kwa kuhesabu saba na siku mbili juu, na asubuhi ya leo ameifungia ng'ombe.